Mrama: tengeneza mchezo wa makontena kwenye Spectrum kuukuu

Usiichomeke bado.

Najua mkono unawasha. Umeipata kompyuta ya ZX Spectrum kwenye vitu vya mtumba kutoka Uingereza, au mzee mmoja wa Mtongwe ameitoa kabatini akakupa bure, na unataka kuona kama inapumua. Ngoja. Adapta kwanza.

Spectrum inakula volti 9 za DC, na adapta yake ya asili ilitoa ampea 1.4. Hilo ni rahisi. Hatari iko kwenye plagi ile ndogo ya duara: ncha ya ndani ni hasi, ukingo wa nje ni chanya. Adapta nyingi za siku hizi ni kinyume chake, hasa zile za ruta ya intaneti. Ya ruta ya volti 9 inaingia vizuri kabisa, na inaua mashine vizuri kabisa. Usijaribu kuona itakuwaje.

Nunua adapta mpya ya volti 9, ampea 2, halafu mpelekee fundi wa redio, awe wa Magongo au Kongowea. Mwambie neno moja tu: ndani hasi. Atakata waya, azigeuze, aunge, kisha apime kwa mita mbele yako. Simama hapo mpaka uone alama ya kutoa kwenye mita. Ile adapta ya zamani iliyokuja na mashine iache ipumzike. Ina miaka zaidi ya arobaini.

Sasa televisheni. Tafuta ile ya kisogo kikubwa ambayo watu wanaitupa. Spectrum inarusha picha ya analogi, mfumo wa PAL, chaneli 36 ya UHF. Waya wake unaingia penye antena. Ingia kwenye menyu, chagua kutafuta kwa mkono, upande wa analogi, na usogee hadi karibu na 591 MHz. Vituo vya Kenya viliacha analogi mwaka 2015, kwa hiyo hewani hakuna wa kukusumbua. Ukiona maandishi madogo chini ya skrini yanayosema 1982 na Sinclair Research, umefika.

Huna mashine? Usijali. Pakua Fuse kwenye laptopu. Ni emuleta ya bure, na yote nitakayosema yanafanya kazi humo. Hata kama mashine unayo, andikia programu kwenye Fuse kwanza. Spectrum ikikatiwa umeme inasahau kila kitu papo hapo, na stima zetu unazijua.

Jambo moja la kibodi. Spectrum ya 48K haikuruhusu uandike amri herufi kwa herufi: kitufe kimoja kinatoa neno zima. L ni LET, P ni PRINT, O ni POKE, U ni IF. Kwa PEEK bonyeza CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT pamoja, achia, kisha O. INKEY$ ni vivyo hivyo, ila umalizie na N. Siku ya kwanza utatukana. Siku ya tatu vidole vinajua njia. Ukitaka kukwepa, chagua modeli ya 128 ndani ya Fuse. Hiyo unaiandikia maneno kamili.

Sasa mchezo wenyewe. Usitengeneze Tetris.

Tetris ipo tangu Alexey Pajitnov alipoibuni Moscow mwaka 1984, kwenye mashine ya Elektronika 60 ambayo hata picha haikuwa nazo. Matofali aliyachora kwa mabano. Walioiga ni wengi, na wengi hawana jipya. Tena kuna la sheria: mwaka 2012 mahakama moja ya Marekani, New Jersey, iliamua kesi ya Tetris Holding na Xio Interactive. Kanuni za mchezo hazina mwenyewe, mahakama ilisema, lakini maumbo yale na uwanja wa 10 kwa 20 ukivinakili jinsi vilivyo, umevuka mpaka. Kwa hiyo chukua wazo la kuanguka na kujaza safu. Jina, maumbo na vipimo tafuta vyako.

Badilisha kanuni moja. Moja tu! Blockout ya mwaka 1989 ilikugeuza ukatazama kisima kutoka juu, basi. Hatris ya mwaka 1990 ilikuwa kofia badala ya matofali. Ukiongeza kanuni tano, mchezaji anahitaji kitabu cha maelezo, na hakuna anayesoma kitabu cha maelezo.

Kanuni yetu tuitafute nje ya dirisha. Ukikaa Changamwe unaona winchi za Kipevu zikipakia meli mchana na usiku. Makontena yanashuka moja moja, yanapangwa, safu juu ya safu. Huo tayari ni mchezo wa matofali. Ila wapangaji wa meli wana shida ambayo Tetris haina: uzito. Ukirundika mazito upande mmoja, meli inalala. Basi hiyo ndiyo kanuni. Jaza safu kama kawaida, lakini mizani isipotee. Nimeuita Mrama. Mpwani hahitaji kuelezwa.

Wazo la kwanza la kila mtu wa Likoni huwa ni feri. Liache. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilipinduka Mtongwe, watu 272 wakafa. Kuna nyumba huku kwetu ambamo siku hiyo haijapita. Makontena yakizama atakayelia ni kampuni ya bima.

Na hapa unapata nafuu kubwa: kontena halizungushwi. Hakuna anayesimamisha la futi 20 wima. Sehemu ngumu kuliko zote katika kuandika mchezo wa namna hii, yaani kugeuza umbo angani, umeshaiondoa kabla hujaanza.

Kabla ya kuandika lolote, jaribu hii peke yake:

POKE 22528+32*10+15,16

Bonyeza ENTER. Katikati ya skrini kumetokea mraba mwekundu. Hukuchora chochote. Skrini ya Spectrum ina vyumba 32 kwa 24, na kila chumba kina baiti moja ya rangi, kuanzia anwani 22528. Mstari zidisha kwa 32, ongeza nafasi, tia rangi. Kontena limesimama.

Uzuri unakuja ukitaka kujua kama chumba kina kitu. Unakichungulia kwa PEEK. Kikiwa 0 ni kitupu. Hakuna haja ya kuweka orodha nyingine ya kumbukumbu: skrini ndiyo daftari lako. BASIC ya Spectrum ni ya polepole, na kila hesabu unayoiepuka unaiona kwa macho.

Rangi nazo zichague kwa akili. Nyekundu ni 16, kijani 32, manjano 48. Gawanya kwa 16: unapata 1, 2, 3. Huo ndio uzito. Nyekundu jepesi, kijani la kati, manjano zito. Rangi imebeba uzani wake yenyewe.

Programu nzima hii hapa. Iandike kwanza kwenye daftari kama mashine ni ya kweli na tokeni za stima zimekaribia kwisha.

10 RANDOMIZE : BORDER 0: PAPER 0: INK 0: CLS : LET m=0: LET s=0: LET q=0
20 FOR r=4 TO 19: POKE 22528+32*r+11,56: POKE 22528+32*r+20,56: NEXT r
30 FOR c=12 TO 19: POKE 23136+c,56: NEXT c
40 LET w=INT (RND*3)+1: LET c=15: LET r=4: LET a=22671
50 IF PEEK a<>0 THEN GO TO 300
60 POKE a,16*w: LET t=0
70 LET i$=INKEY$: LET n=(i$="p")-(i$="o")
80 IF n<>0 AND n<>q THEN IF PEEK (a+n)=0 THEN POKE a,0: LET a=a+n: LET c=c+n: POKE a,16*w
85 LET q=n
90 LET t=t+1: IF t<10 THEN GO TO 70
100 IF PEEK (a+32)<>0 THEN GO TO 200
110 POKE a,0: LET a=a+32: LET r=r+1: GO TO 60
200 LET m=m+w*(2*c-31): BORDER 2*(ABS m>20)
210 IF ABS m>30 THEN GO TO 310
220 FOR x=12 TO 19: IF PEEK (22528+32*r+x)=0 THEN GO TO 40
230 NEXT x
240 FOR x=12 TO 19: LET m=m-PEEK (22528+32*r+x)/16*(2*x-31): NEXT x: LET s=s+1
250 FOR y=r TO 4 STEP -1: FOR x=12 TO 19: LET p=22528+32*y+x: POKE p,PEEK (p-32): NEXT x: NEXT y
260 BORDER 2*(ABS m>20): IF ABS m>30 THEN GO TO 310
270 GO TO 40
300 INK 7: PRINT AT 0,0;"Imejaa. Safu ";s: STOP
310 INK 7: PRINT AT 0,0;"Imeenda mrama! Safu ";s: STOP

O inasogeza kontena kushoto, P kulia. Ukibonyeza mara moja linasogea chumba kimoja. Ndiyo kazi ya q katika mstari wa 80 na 85. Ukiitoa, kontena litaruka hadi ukutani kabla kidole hakijanyanyuka.

Moyo wa mchezo ni mstari wa 200, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Sitaha ina nafasi nane, kutoka 12 hadi 19. Fomula ya 2*c-31 inapima umbali kutoka katikati: nafasi za kati zinatoa -1 na 1, za pembeni kabisa -7 na 7. Uzito zidisha kwa umbali, jumlisha kwenye m. Kushoto ni hasi, kulia ni chanya. Jepesi pembeni linatoa 7. Zito katikati linatoa 3 tu. Zito pembeni linatoa 21, na hapo ukingo wa skrini unageuka mwekundu kukuonya. Weka zito la pili palepale: 42. Kwaheri meli.

Sikuandika namba ya mizani popote kwenye skrini, na usiiandike. Nilijaribu. Mchezaji anaacha kutazama makontena, anatazama namba kama mtu anayesubiri basi anavyotazama saa. Ukingo mwekundu unatosha, na macho yanauona bila kuhama.

Angalia pia mstari wa 240. Safu ikijaa inapakuliwa, na uzito wake unatolewa kwenye m. Hapo ndipo mchezo unapoanza kuwa na hila. Labda safu hiyo ndiyo iliyokuwa ikishikilia ya juu yake. Ukiipakua, meli inalala kwa furaha yako mwenyewe. Wachezaji wazuri huanza kuogopa kujaza safu, na mimi napenda mchezo unaomfanya mtu aogope ushindi.

Mstari wa 250 unachukua muda kidogo kwa sababu unahamisha kila chumba kimoja kimoja. Usione aibu. Mwambie mchezaji winchi iko kazini.

Onyo la mstari wa 220 na 230. Utatamani kuweka NEXT x mwisho wa mstari wa 220 ili uokoe nafasi. Usifanye. Kwenye Spectrum, IF ikikuta jibu ni hapana inaruka kila kitu kilichobaki kwenye mstari huo, NEXT ikiwemo. Jioni nzima nilitafuta kosa hilo, nikawa naona safu inapakuliwa mara tu kontena linapotua nafasi ya kushoto kabisa. Nusura nimlaumu yule fundi wa adapta.

Na ukiisimamisha programu katikati kwa BREAK, utaona skrini tupu hata ukiita LIST. Haijafutika. Ni wino mweusi juu ya karatasi nyeusi. Andika INK 7, ENTER, kisha LIST.

Ukiona kontena linakimbia mno, ile 10 ya mstari wa 90 ifanye 15. Likizubaa, 7. Kikomo cha 30 nacho kichezee. Kwa mtoto, 40. Ukitaka mchezo ukaze wenyewe, weka 30-s badala ya 30 katika mstari wa 210 na 260: kila safu unayopakua inapunguza uvumilivu wa meli.

Ukishauzoea, ongeza farumi. Meli ya kweli ikilala hutiwa maji ya farumi upande wa pili. Ongeza LET b=1 kwenye mstari wa 10, kisha:

75 IF i$="b" AND b=1 THEN LET b=0: LET m=INT (m/2): BORDER 2*(ABS m>20)

Kitufe cha B, mara moja kwa mchezo, kinakata mlalo nusu. Lakini maji hayo yanabaki ngamani. Ukipakua makontena baadaye, farumi inavuta upande wake. Kanuni hii sikuibuni; ilijitokeza yenyewe kwenye hesabu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Sauti? BEEP .02,w*10 mwisho wa mstari wa 200, ukitanguliza nukta pacha. Inatosha. Majirani wamelala.

Kutoka Fuse kwenda kwenye mashine ya kweli, hifadhi kwa SAVE "mrama", toa kanda kama faili, igeuze iwe sauti ya WAV. Programu ndogo iitwayo tape2wav inafanya hivyo. Ichezeshe kwa simu au laptopu, kwa waya wa spika, hadi tundu la EAR. Kwenye Spectrum bonyeza J, kisha alama ya kunukuu mara mbili, ENTER. Simu iweke hali ya ndegeni. Mtu akikupigia katikati, sauti ya mlio inaingia kwenye programu yako na kazi imeharibika.

Tazama ukingo wa skrini. Mistari mipana ya nyekundu na samawati ni salamu; inafuatwa na mistari myembamba ya buluu na manjano, ndiyo programu inaingia. Ukiona nyekundu na samawati zinabadilishana tu bila mistari, sauti ni ndogo. Pandisha hadi mwisho. Simu ikishindwa, laptopu kwa kawaida ina nguvu zaidi.

Hewa ya huku ni adui. Ukikaa Timbwani au Shika Adabu chumvi inaingia hata kabatini. Ukimaliza kucheza, acha mashine ipoe, ifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Meno ya shaba yaliyo nyuma yapanguse kwa spiriti kila baada ya miezi michache. Usiifungue bila sababu. Kibodi imeunganishwa kwa riboni mbili nyembamba za plastiki zilizokauka kwa uzee, na zikikatika umeingia gharama.

Ukiwa tayari, mpe mtu acheze na wewe ukae kimya. Usimweleze rangi, usimweleze mizani. Mimi nilimpa mpwa wangu wa Mikindani, wa miaka kumi na moja. Meli sita za kwanza alizizamisha akicheka. Ya saba aliitazama kidogo, akauliza, "Mjomba, hizi za manjano ni nzito, sivyo?" Sikumjibu. Rekodi ya nyumbani kwetu ni safu 19, na ni yake.